Nimesomewa Bazi, nyota za Kichina, Guangzhou: nilichopata kwa yuan 600

Ukifanya kazi ya uwakala wa mizigo China, siku haina mwisho. Asubuhi uko kiwandani Foshan unahesabu maboksi ya vigae, mchana uko stoo Sanyuanli unapima mizigo ya watu, na usiku, Wachina wakiwa wameshalala, Kariakoo ndiyo kwanza inafunga maduka. Huku tumewatangulia kwa saa tano. Mwenye duka akifunga hesabu saa kumi na mbili jioni, kwangu ni saa tano usiku, na hapo ndipo voisi zinapoanza kumiminika. "Dada, kontena limefika wapi?" "Dada, ile rangi nimeghairi."

Maonyesho ya biashara ya Canton, hapa Guangzhou, ya Oktoba 2025 yalipoisha nilikuwa hoi. Silali. Mteja akinisalimia naona kama ananidai. Nilianza hospitali, na ninamshauri kila mtu aanzie huko: presha, damu, tezi ya shingo, vyote vikawa sawa. Daktari akasema ni uchovu wa kazi. Shirika la Afya Duniani liliuelezea mwaka 2019 kuwa si ugonjwa bali ni hali inayoletwa na msongo wa kazini usiodhibitiwa: mtu anaishiwa nguvu, anaichukia kazi, anajiona hana tena anachokiweza. Daktari akaniambia nipumzike. Nipumzike vipi, hilo hakulisema.

Mama mwenye nyumba wangu ndiye aliyenipeleka kwa mwalimu wa Bazi. Huku wasomaji wa namna hii huitwa walimu, na huyu ni mama wa makamo mwenye ofisi ya kawaida kabisa, birika la chai na kompyuta. Hakuna ubani wala moshi. Somo la saa moja na nusu ni yuan 600. Kichina changu ni cha sokoni, kinatosha bei na vipimo, kwa hiyo nilikwenda na rafiki wa kunitafsiria.

Wengi wetu tunajua nyota za Kichina kwa wanyama 12 tu: huyu Panya, yule Joka. Bazi ni pana zaidi. Inachukua mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, na kila kimoja kinapewa alama mbili, ya juu na ya chini. Jumla alama nane. Za juu ziko 10, za chini ni wale wanyama 12, na zikizunguka pamoja zinarudi mwanzo baada ya 60. Zamani, enzi za watawala wa Tang, msingi ulikuwa mwaka. Kuanzia enzi za Song waliofuata baadaye, katika njia inayohusishwa na msomaji aitwaye Xu Ziping, msingi ukawa siku: alama ya juu ya siku yako ndiyo wewe, na nyingine zote zinasomwa kwa jinsi zinavyokubeba au kukubana. Kila alama ina asili yake katika tano: mti, moto, udongo, madini, maji. Maji hulisha mti, mti moto, na kuendelea. Vilevile maji huzima moto, moto huyeyusha madini.

Mimi ni wa 15 Julai 1990, Mwanza. Siku yangu ni madini, na si chuma cha shoka, ni madini laini ya kito, ya pete na kipuli. Kwenye alama zangu za chini wamekaa Farasi, Mbuzi na Nyoka, watatu wa kiangazi cha Kichina, na wakikutana hao wanahesabiwa kuwa moto mtupu. Mwalimu akageuza kompyuta nione. Kwa mtu wa madini, moto ni kazi, ni bosi, ni kila kinachokudai. Udongo ni mama, mapumziko, masomo. Maji ni kile kinachotoka kwako kwa raha: kupika, kuimba, kupiga soga. Akaniuliza, "Wewe maji yako yako wapi?" Nikamjibu niliwahi kuimba kwaya. Akauliza niliacha lini, nikabaki namtazama rafiki yangu kana kwamba ndiye aliyekosea kutafsiri.

Kwa sehemu ile peke yake sijutii hela yangu. Hakunitabiria ndoa wala utajiri. Alinishika saa nzima kwenye swali la nani anakula muda wangu, na mimi kwa miaka hiyo yote hapa hakuna aliyewahi kuniuliza.

Halafu akanipa masharti. Kuanzia saa tano usiku hadi saa saba ni saa ya Panya, simu izimwe na mwili uwe umelala. Saa tano asubuhi hadi saa saba mchana ni saa ya Farasi, nile nimekaa, kisha nilale kidogo, hata kwa kuinamia meza kama wanavyofanya Wachina wengi ofisini. Usingizi wa saa hizo mbili wanausisitiza sana katika tiba yao ya asili pia. Tena nirudi kuimba, mara moja kwa wiki, na isiwe kwa malipo.

Sasa tuje kwenye upande usionyooka, maana uhakiki wa kusifu tu hauna faida.

Kwanza ni saa. Mama yangu anasema nilizaliwa saa tano na dakika arobaini asubuhi. Ukiijaza programu ya bure ya simu 5:40, kama tunavyosema nyumbani, inakuweka alfajiri, saa ya Sungura, na chati nzima inakuwa ya mtu mwingine. Jaza 11:40. Hata hapo bado. Programu ilinipa saa ya Farasi, lakini mwalimu alinipa ya Nyoka, kwa sababu yeye hufuata jua na si saa ya ukutani. Saa ya Tanzania imepimwa kwa jua la nyuzi 45 mashariki, ambalo liko karibu na Mogadishu. Mwanza iko karibu nyuzi 33, na kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua la Mwanza linachelewa dakika kama 48. Kwa jua, nilizaliwa kabla ya saa tano. Mabadiliko hayo yaliniongezea alama ya maji iliyokuwa haipo pale. Mtu wa Kigoma atarudishwa nyuma saa nzima. Muulize msomaji wako kama anaifanya hesabu hiyo. Akikutolea macho, ondoka.

Pili ni majira, na hapa ndipo imani yangu ilipolegea. Mwezi kwenye Bazi unafuata majira ya China. Julai ya Guangzhou ni joto la kukata pumzi. Julai ya Mwanza ni upepo wa ziwani na sweta asubuhi. Nilimuuliza mwalimu moto wangu umetoka wapi basi. Akajibu kwamba alama ni hesabu ya wakati, si hali ya hewa, na kalenda ni ileile dunia nzima. Ni jibu linaloeleweka, ila wasomaji wenzake hawakubaliani nalo wote. Nililipia somo fupi mtandaoni kwa msomaji wa Australia anayegeuza miezi kwa waliozaliwa kusini mwa ikweta. Kwake Mbuzi wangu wa kiangazi akawa Ng'ombe wa kipupwe, madini yangu yakawa mengi na ya baridi, na ushauri ukapinduka: napungukiwa moto, nivae nyekundu, nijitume zaidi. Nijitume zaidi! Mwili mmoja, tarehe moja, dawa mbili zinazopingana.

Kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba nyota zilinijua. Ninachoweza kusema ni kwamba masharti yalifanya kazi, na nadhani najua kwa nini. Katika biashara yetu ukisema umechoka, unaonekana mvivu, na mteja anatafuta wakala mwingine. Ukisema una masharti, watu wananyamaza. Nilirekodi voisi moja nikaituma kwa wateja wote: kuna mtaalamu amenikataza kugusa simu baada ya saa tano usiku ya China, tafadhali tuma kabla ya hapo au subiri asubuhi. Hakuna aliyebishana. Mmoja aliuliza kama mtaalamu huyo anaona na mambo ya biashara. Watu tuliokua tukimsikia Sheikh Yahya Hussein redioni na kwenye televisheni hatuhitaji kufundishwa heshima ya mnajimu. Wenye viwanda wa Kichina ndio kabisa, waliitikia kwa kichwa kama vile nimewaonyesha cheti cha daktari.

Usingizi ulirudi taratibu. Kulala mchana bado kunanipa aibu kidogo. Kwaya nimejiunga na ya Waafrika tunaosali pamoja, na mama yangu, ambaye ni Mlokole, anajua habari ya kwaya tu. Ya Bazi ataisikia siku nyingine. Kama dini yako inakukataza kuwaendea wapiga ramli, hili nalo litakuwa kwenye orodha hiyo, usijidanganye kwa kuwa lina kompyuta.

Kilichonichukiza ni msaidizi pale mlangoni. Mwalimu amemaliza, unavaa viatu, yeye anakuletea trei ya bangili za mawe meusi "za kukuongezea maji", yuan 1,288. Nilikataa mara mbili kwa upole, ya tatu bila upole. Na mwaka huu wa Farasi ulioanza 17 Februari 2026 ni mwaka wa mnyama wangu, ambao kwao ni mwaka wa tahadhari na unatakiwa uvae nyekundu ndani. Nyekundu ni moto, na mimi nimeambiwa moto umezidi. Nilipomuuliza mwalimu alicheka akasema mila ni mila. Nilinunua soksi.

Ukitaka kujaribu, muulize mzazi saa yako au tafuta kadi ya kliniki, uiandike kwa saa 24, na utaje mji uliozaliwa. Aliyezaliwa Januari ajue kwamba kwenye Bazi mwaka unageuka karibu na tarehe 4 Februari, kwa hiyo wa Januari 1990 ni Nyoka, si Farasi mwenzangu. Usiende wiki za kukaribia mwaka mpya, wasomaji wanakuwa na foleni na somo linakuwa la haraka haraka. Mwambie mapema unataka kuzungumzia kazi na usingizi, la sivyo ataanza na mume na fedha. Nyota tatu kati ya tano natoa, moja nimekata kwa ajili ya trei ya bangili na moja kwa ajili ya Ng'ombe wa Australia.