Chukuchuku ya Langoni, kwa sisi tuliotolewa kifuko cha nyongo

Hoteli ninayokula chukuchuku, mchuzi mwepesi wa samaki usio na tui, haina bango. Ukitoka sokoni mbele ya Ngome ya Lamu, shika Njia Kuu kuelekea mtaa wa Langoni, kisha ulizia kwa mama wa mofa. Mtoto yeyote atakuonyesha kichochoro. Ndani mna mabenchi mawili na meza ya mbao iliyofunikwa nailoni ya maua, nje kuna baraza ambapo wanaume hula wakitazama punda wakipita na mchanga wa ujenzi. Pembeni, chini ya kipaa cha makuti, iko mofa yenyewe, tanuri la udongo la kuokea mkate. Hakuna feni. Hakuna menyu. Ukitaka kujua kuna nini leo, unafunuliwa sufuria.

Na huko kufunuliwa sufuria ndiko kulikonifanya niandike.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona madera na mabuibui, kazi ya kukaa kitako tangu asubuhi. Nilitolewa kifuko cha nyongo Mombasa kwa upasuaji wa matundu madogo, baada ya picha kuonyesha vijiwe. Yale maumivu ya zamani, ya kunichoma chini ya mbavu hadi bega la kulia usiku wa manane, yalikwisha kabisa, na hilo nashukuru. Yaliyokuja baadaye ni mengine. Nikila chakula cha mafuta, tumbo linajaa upepo, upande wa kulia panakaza, na mara nyingine nakimbilia choo hata mikono sijanawa. Watu wanakwambia, "Si ulishafanyiwa operesheni wewe? Bado tu?" Bado.

Daktari alinieleza vizuri niliporudi kliniki. Ini linatengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita nzima kwa siku. Kifuko kilikuwa kikiweka akiba ndogo tu, kama mililita 30 hadi 50, lakini iliyokolea, kikisubiri mafuta yafike tumboni ndipo kiifinye. Kikishaondoka, nyongo inashuka utumboni yenyewe, umekula hujala, na ukila biriani hakuna akiba ya kuipokea. Wengi mwili unazoea na wanasahau kama walipasuliwa. Wengine hatuzoei. Kwanza walinipima damu kuangalia ini, wakapiga ultrasaundi kutafuta kama kuna kijiwe kilichobaki kwenye mrija, kwa sababu hilo hutokea. Hakikuwepo. Akanitajia pia kile kilango cha msuli mwishoni mwa mrija wa nyongo, kinachoitwa kwa jina la Mtaliano aitwaye Oddi, kwamba chenyewe kikikaza kinaweza kuleta maumivu kama yale yale ya mawe. Kwangu alielekea zaidi kwenye nyongo inayomwagika ovyo, akanipa kolestiramini, unga wa kukoroga na maji, wa kuishika. Unasaidia. Ladha yake ni ya mchanga, na inabidi dawa zangu nyingine nizimeze saa moja kabla yake au saa nne mpaka sita baadaye, maana unga huo unazishika nazo zisifanye kazi. Pakiti zikiisha naagiza Mombasa, zinakuja na basi hadi Mokowe, halafu boti.

Kwa hiyo mimi hoteli siiangalii kwa macho ya mgeni aliyeshuka gatini kutafuta kamba na machweo. Ninachotaka ni mpishi asiyenidanganya kuhusu kilichomo sufuriani. Iko hoteli moja ya ukingoni, sitaitaja, niliagiza samaki wa kuchoma, nikasema na nikarudia, nisitiwe mafuta. Kijana akaniambia, "Hana mafuta kabisa, dada." Samaki akaja anang'aa, chini ya majani ya saladi pamesimama dimbwi la manjano. Nilipouliza, nikaambiwa, "Hayo ni kidogo tu, ya kumfanya asishike wavu." Usiku ule nililala nimejikunja upande wa kushoto na chupa ya maji ya moto. Kijana hakuwa na nia mbaya. Kwake mafuta kidogo si mafuta. Hapa kwetu nusu ya mji iko hivyo, na tui la nazi ndiyo kabisa, hakuna anayelihesabu kuwa mafuta. Ukisema huli mafuta unaletewa samaki wa kupaka, na mtu anakushangaa, "Lakini hii ni nazi tu!"

Huyu mama wa Langoni ni mtu wa makamo ya mamangu, leso mbili, moja kiunoni. Mara ya kwanza nilimwambia mambo yalivyo: Mama, nimetolewa kifuko cha nyongo, nikila mafuta naumwa. Hakuniuliza maswali ya pole. Alishika kifuniko cha sufuria ya kwanza, akasema, "Hii ina tui zito, mwanangu, usiile." Ya pili: "Hii tui la maji, ukila, kula kijiko kimoja uone." Ya tatu akaiinamisha ili nione ndani. "Hii mtuzi wa chukuchuku. Haina kitu, ila ndimu na chumvi."

Nimemwona akikamua. Anakuna nazi kwenye mbuzi, anatia maji kidogo ya vuguvugu, anafinya kwenye kifumbu mpaka vidole vinageuka vyeupe, tui la kwanza linashuka zito, analiweka kwenye bakuli la bati na kulifunika. Machicha hayatupi, anayatia maji tena, anakamua mara ya pili kwenye chombo kingine. La kwanza linakwenda kwenye samaki wa kupaka na mbaazi, la pili kwenye wali. Havichanganyi, na ndiyo maana anaweza kukujibu. Mpishi anayemimina tui la pakiti hata akitaka kukwambia ukweli hawezi, maana amemwaga lote pamoja.

Sasa chukuchuku. Mara nyingi ni changu au tewa, vipande vinene vyenye mfupa. Maji, vitunguu maji, nyanya mbili tatu, kitunguu thomu cha kuponda, bizari ya manjano kidogo, ndimu nyingi, na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, inayoelea juu kwa harufu tu. Usiiguse na kijiko. Akipasua mmoja wenu mezani, imekwisha. Mtuzi ni mwepesi kiasi kwamba unaona ua lililochorwa chini ya bakuli. Nimezoea kuinamisha bakuli kwenye mwanga wa mlangoni nikitafuta duara za mafuta juu yake. Zikiwepo ni chache, za samaki mwenyewe. Siku akiweka nguru duara ni nyingi zaidi, nguru ana mafuta yake ya asili, na hapo nakula nyama ya mgongoni, mtuzi nauacha.

Ladha je? Asiyezoea atasema ni chakula cha mgonjwa. Mimi nasema ndicho samaki mwenyewe unayemwonja. Ndimu inakuja mbele, halafu thomu, halafu utamu wa mfupa. Chumvi yake iko sawasawa siku nyingi, mara mojamoja imezidi.

Mkate wa mofa unastahili aya yake. Unga wa mtama, umeumuliwa usiku kucha, una kaukali kadogo kama ka maziwa lala. Makaa yanawaka chini ndani ya mofa mpaka kuta za udongo zinaiva, ndipo anarowesha mkono, anachukua donge, analipiga ukutani kwa ndani na kuutoa mkono kabla hujapepesa. Hakuna mafuta popote. Nilimuuliza, akacheka, "Mafuta niyapake wapi, kwenye ukuta?" Ukitoka, una ganda chini na ulaini juu, unaumega kwenye mtuzi. Mmoja ni shilingi 20. Nakula mmoja na nusu. Ule wa jana, uliokauka, haufai, unanijaza upepo; omba wa leo, atakwambia ukweli hapo pia.

Wali mweupe usio na nazi unapatikana ukiagiza mapema. Ukija ghafla ni wali wa nazi, na ukoko wake unaonukia mpaka barabarani. Mbaazi sili. Mahamri ya asubuhi nayapita nikiwa nimefumba pua, kwa maana karai moja la mafuta linakaanga mahamri, bajia na viazi, na moshi wake ukinikuta na tumbo tupu nasikia kichefuchefu. Chai ya pale ni ya maziwa mazito, ila ukisema mkandaa, chai isiyo na maziwa, unapewa mkandaa, na tangawizi.

Kitu kingine ninachompendea ni nusu sahani. Sahani nzima ya chukuchuku na mikate ni shilingi 300, nusu 150, bila kununa. Chakula kidogo mara nyingi kwa siku ndicho kinachonikalia, na hoteli nyingi ukiomba nusu unaonekana bahili, au unadharau. Nyumbani ndiyo hatari zaidi. Arusini unakalishwa kwenye sinia moja na wenzako, biriani imekaa juu na samli inachuruzika, ukimega punje mbili tatu shangazi anakuangalia, "Huli kwetu?" Tumbo halina namna ya kumjibu shangazi. Siku za arusi napitia Langoni kwanza, nala nusu yangu, nafika kwenye sinia na chupa ya maji na tabasamu.

Choo. Najua watu hawaandiki habari za choo cha hoteli, lakini mwenye ugonjwa wangu ndicho cha kwanza kuangalia, kabla ya meza. Kipo, nyuma ya mofa, cha kuchuchumaa, kinaoshwa, ndoo ya maji haikosi. Komeo lake ni la kamba, lazima ulishikilie ukiwa ndani. Mlango ni mfupi, kwa hiyo aliye mrefu ataonekana kichwa. Nimekaa hoteli za vigae na vioo ambako funguo ya choo anayo meneja na meneja ametoka.

Mabaya ni haya. Moshi wa mofa huingia ndani upepo ukigeuka, utatoka unanukia makaa. Paka wanakaa chini ya meza na hawaogopi mtu. Msimu wa kusi bahari ikichafuka mashua hazitoki vizuri, samaki wabichi wanaadimika, naye anapika papa mkavu. Mafuta hana, lakini chumvi yake inaweza kukausha ulimi siku nzima. Halafu ana mjukuu anayemsaidia jikoni, kijana mwema, ila hajui tui lipi ni lipi. Mama akiwa ameenda sokoni na mjukuu ndiye anayepakua, mimi nasubiri.

Nisieleweke kwamba hapa ni mahali pa tiba. Kuna mwenzangu mmoja, naye ametolewa kifuko, nilimpeleka kwa furaha yote, nyanya na ndimu zikamchoma kifua usiku kucha. Tumbo lake lina mambo yake; yeye anakula samli kidogo na hasikii kitu. Anza na bakuli dogo, uone. Na ukiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekuwa rangi ya mkandaa, kinyesi kimepauka, au maumivu yamekuja na homa na kutetemeka, usitafute mtuzi wa mtu yeyote. Nenda hospitali ya King Fahd siku hiyo hiyo, huenda mrija umeziba na kijiwe hata kama kifuko hakipo.

Ramadhani hufungua baada ya Magharibi. Wakati huo ndio ninaomhitaji zaidi, kwa sababu futari ya mji huu ni sambusa, viazi vya karai, mitai na kaimati zilizozama kwenye shira, vyote juu ya tumbo lililokaa tupu tangu alfajiri na nyongo ikichuruzika humo mchana kutwa. Mimi naanza na tende na maji, naswali, halafu bakuli la chukuchuku na mofa. Kaimati nala moja. Ni Ramadhani, jamani.

Ijumaa usihangaike, ni pilau tupu. Siku nyingine ukifika baada ya swala ya adhuhuri huenda umekuta mifupa. Kuagiza kwa simu hakuna, simu yake anakaa nayo mjukuu. Tuma mtoto asubuhi na bakuli lako lenye kifuniko, alipe kabisa, na aseme ni la yule fundi wa nguo asiyekula tui.