Parke flotanti juu ya dale yenye mabonde: ununue nini kwanza

Batu banazunguka maduka ya Birere wiki nzima banachagua rangi ya parke flotanti, ile sakafu ya mbao inayoshikana yenyewe bila kubandikwa chini, na dale yenyewe, ile sakafu ya betoni, hakuna anayeiangalia. Hapa Goma nyumba mingi zimesimama juu ya mawe ya volkano, dale ikamwagwa vile tu, kwa hiyo chukua regle ya metre 2, ile fimbo ndefu iliyonyooka, ilaze chini pande zote za chumba, uone mwanga unapita wapi. Fabrika mingi za parke zinataka bonde lisipite kama milimetre 3 kwa metre 2. Ikizidi hapo ubao unacheza chini ya muguu, unalia, kisha zile ndimi za kushikanisha zinavunjika na garanti haikulipi kitu.

Kwangu namba moja ni ragreaji, ile simenti laini inayojisawazisha yenyewe, kwa mabonde ya milimetre 3 mpaka 10. Inakula karibu kilo 1.7 kwa metre kare kwa kila milimetre, maana chumba cha 4 kwa 4 chenye bonde la wastani milimetre 5 kinaomba kama kilo 136, hiyo ni mifuko 6 ya kilo 25. Iko bei, ndiyo, lakini kazi inaisha haraka. Mbele ya kulipa finya mufuko kwenye pembe na vidole, ukisikia madonge uache, imeshaingia unyevu. Na usikubali kununua bila primeri yake, ile dawa inayopakwa kwanza juu ya dale, juu dale kavu inanyonya maji na ragreaji itabanduka kama ganda. Maji pima vile mufuko unasema, masoni akiongeza ili itembee vizuri, ikikauka itatoa vumbi.

Namba mbili, kusaga vilima. Kama shida ni vilima viwili vitatu tu, kodi mashini yenye disiki ya almasi na umalize bila kununua mufuko hata moja, ila maski nzuri ni lazima, ile vumbi ya simenti inaharibu mapafu kabisa.

Tatu ni shape, ile tabaka nene ya simenti na muchanga. Kwa dale iliyozama sentimetre 3 kwenda juu hakuna cha kuishinda kwa bei. Lakini usipake sentimetre moja ukasema ni shape, itapasuka. Na ivumilie: hesabu karibu wiki moja kwa kila sentimetre, na mvua ya huku inaongeza. Bandika kipande cha plastiki chini, ziba kando zote na skochi, ngoja siku moja ao mbili. Ukikuta matone ndani, parke ibakie mu karto.

Nne, paneli za nyuzi za mbao za milimetre 5. Zinaficha makosa madogo tu, na unyevu unazivimbisha.

Ya mwisho, usinunue hata wakikupunguzia: kuweka sukushi ya muse, ile sponji nyembamba inayolazwa chini ya parke, mara mbili. Wauzaji banaipendekeza sana juu ni rahisi, lakini muse haisawazishi, inabonyea, na ndimi zinavunjika haraka kuliko kama hungeweka. Sukushi ni moja, milimetre 2 ao 3, na chini yake plastiki ya milimetre 0.2, vipande vipandane sentimetre 20. Halafu pima milango mbele ya kumwaga chochote, sentimetre ikiongezeka chini mulango haufunguke tena.