Filta na draya za upepo kwa mpiga rangi wa Malindi: ipi ununue kwanza

Mwezi wa Mei, masika yakiwa yameshika, nilipiga milango sita ya makabati ya hoteli kwa rangi nyeupe ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha rangi. Ilikuwa kazi ya wiki nzima: mbao zimepigwa msasa, praima imekaa, imesuguliwa tena kwa namba 400. Koti la mwisho lilitoka kama kioo. Saa moja baadaye niliinama kuutazama mlango wa tatu kwa mwanga wa dirishani, nikaona vitundu vidogo kama vya sindano vimetapakaa kutoka katikati kwenda chini. Nikakimbilia filta niliyouziwa wiki ile, iliyofungwa pale pale kwenye mdomo wa kompresa kama muuzaji alivyonielekeza. Kikombe chake kilikuwa kikavu. Nikachomoa bunduki, nikauinamisha mpira mdomo chini, maji yakadondoka sakafuni, matone tisa au kumi.

Filta kavu, mpira una maji. Fundi asiyejua sababu yake atanunua filta tatu na bado atarudi kwenye msasa. Filta hukamata maji yaliyokwisha kuwa maji. Mvuke haiukamati, kama vile kifumbu kinavyozuia machicha na kuliacha tui lipite. Upepo unaotoka kwenye kompresa iliyopiga mfululizo ni wa moto, na upepo wa moto hubeba maji yake kwa mvuke. Unaipita filta, unapoa njiani ndani ya mpira uliolala kwenye sakafu ya saruji, na mvuke unageuka maji karibu kabisa na bunduki. Maji hayo yakikutana na hadina hutoa gesi ya kaboni dioksaidi ndani ya rangi. Gesi ndiyo iliyotoboa milango yangu.

Tuipige hesabu, maana ndiyo inayopanga orodha hii. Chukua siku ya joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, siku ambayo mtu wa Malindi haioni kuwa ya ajabu. Kila mita ya ujazo ya hewa ina karibu gramu 22 za maji. Kompresa ya lita 200 kwa dakika huvuta mita 12 za ujazo kwa saa, yaani gramu 260 hivi za maji, kikombe kizima cha chai na zaidi. Ikishindiliwa hadi psi 100 (psi ni kipimo cha presha), hewa yote hiyo hubaki mita moja na nusu tu. Ikitoka na joto la nyuzi 60 inaweza kubeba gramu 195 kama mvuke, na filta iliyofungwa hapo haitaziona. Ipoze hadi nyuzi 30, uwezo wake unashuka hadi gramu 46. Gramu 210 zilizobaki zimekuwa maji, unazimwaga kwa koki. Hakuna filta ya bei yoyote itakayokufanyia kazi hiyo ya kupoza.

Kwa hiyo namba moja katika orodha yangu si filta. Ni bomba.

Nunua mita 10 hadi 15 za bomba la nusu inchi, la shaba ukimudu, la mabati usipomudu. Lifunge ukutani upande wa kivulini, lipande na kushuka mara tatu au nne, na kila linapofika chini weka kipande kilichoning'inia chenye koki. Sehemu zilizolala ziinamie koki, sentimita moja kwa kila mita. Tawi la kwenda kwenye bunduki lichomoze kutoka mgongoni mwa bomba, kisha ndipo ligeuke kushuka. Ukilitoa tumboni, maji yote yatalifuata. Kati ya kompresa na bomba weka kipande kifupi cha mpira wa kuvumilia joto na presha, maana mtikisiko wa mashine hulegeza viungo. Shaba hupoza haraka na haifanyi kutu. Mabati kwa chumvi yetu hii yataanza kutu ndani baada ya muda, na hapo utahitaji filta ya kukamata vumbi la kutu, lakini bado yatakupa miaka ya kazi. Bomba za PVC za maji nazikataa kabisa. Zikizeeka kwa joto na presha hazipasuki mpasuko wa kawaida. Huruka vipande vyenye ncha kama vya kioo, na vipande hivyo havichagui jicho.

Presha iache juu ndani ya bomba lote. Regyuleta, kifaa cha kushusha presha, ikae mwisho, baada ya filta ya maji, kwa sababu upepo ukipozwa na kukamuliwa ungali umeshindiliwa, kisha ukaachiwa kushuka hadi presha ya bunduki, hutanuka na unyevu wake hupungua sana. Zile gramu 46 zikitawanyika kwenye upepo wa psi 30, unyevu wake ni chini ya asilimia 40 ikiwa joto limebaki nyuzi 30. Huo ni upepo mkavu kuliko hewa unayovuta puani ukiwa umesimama hapo hapo.

Namba mbili ni filta ya maji, ifungwe mwisho wa bomba hilo. Maikroni 5 inatosha (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Hapa watu wengi hukosea ukubwa: hutazama bei, huchukua ya robo inchi, kisha bunduki inakosa upepo na fundi anailaumu bunduki. Bunduki nyingi za HVLP, zile za upepo mwingi kwa presha ndogo, hutaka lita 280 hadi 400 kwa dakika. Kiwango kilichoandikwa kwenye filta kwa kawaida ni cha presha ya psi 100, na presha ikishuka nacho hushuka. Mimi huchukua yenye mdomo wa nusu inchi na uwezo wa mara mbili ya bunduki yangu. Kikombe nataka cha chuma chenye kidirisha, au cha plastiki kilichovikwa kikapu cha chuma. Plastiki tupu kwenye chumba cha rangi ni hatari, kwa sababu thina, hata mvuke wake, huifanya ipasuke nyufa ndogondogo, na siku moja ikalipuka. Usiioshe kwa thina hata mara moja. Maji ya sabuni yanatosha. Koki ya kujifungua yenyewe ni nzuri ikiwa mpya, ila uchafu wa kutu hukwamisha boya lake, kwa hiyo hata ukiwa nayo chungulia kikombe kila asubuhi.

Mwenye bomba na filta hii anaweza kupiga rangi ya mafuta, praima na vanishi nyingi bila kununua kitu kingine. Nimeziweka juu kwa sababu ndizo zinazoondoa maji mengi kwa pesa chache.

Namba tatu ni filta laini ya maikroni 0.01, ile inayokusanya ukungu wa mafuta hadi uwe matone. Kompresa ya pistoni yenye mafuta, hasa iliyochakaa ringi, hutoa ukungu huo kila inapopiga. Ukiona rangi inakimbia na kuacha visahani vya duara vyenye kitone katikati, shuku mafuta kabla ya maji. Shuku silikoni pia: kama jirani anang'arisha matairi kwa dawa ya kupuliza, filta haina kosa. Filta hii ikae baada ya ile ya maikroni 5, isitangulie, la sivyo uchafu mnene utaiziba mapema. Elementi yake, yaani kichujio cha ndani, haioshwi. Ikiwa geji mbili, moja mbele na moja nyuma, zinapishana psi 10 wakati bunduki imefunguliwa, ibadilishe. Hata zisipopishana, ibadilishe kila mwaka.

Namba nne, kwa anayepiga rangi za hadina, ni mtungi wa silika, punje zinazonyonya unyevu, na hapa kuna kitu cha kuangalia kwa makini. Madukani utakutana na vikopo vidogo vya plastiki vya kufunga kwenye bunduki, vyenye punje chache za rangi. Vinapendeza na havidumu. Silika huanza kulegea ikishanyonya moja ya tano ya uzito wake hivi. Kwa zile gramu 46 kwa saa, kilo moja itakupa takriban saa nne za kufyatua. Kikopo cha gramu 50 kitakupa dakika kumi na tatu. Sasa fikiria umekifunga kwenye kompresa isiyo na bomba la kupoza. Kinaisha kabla hujamaliza bonti. Nunua mtungi wa chuma wa kilo moja au zaidi, wenye kidirisha cha kuona punje zikibadilika rangi. Ya chungwa hugeuka kijani, ya buluu hugeuka waridi. Mimi huchukua ya chungwa, kwa sababu ya buluu hutiwa kobalti kloridi, nami sitaki vumbi lake mapafuni.

Punje zikichoka hazitupwi. Zitandaze kwenye sinia ya chuma isiyo ya jikoni, uziweke ndani ya oveni nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, zitarudi rangi yake. Maji ya tone yakizifikia hupasuka na kuwa unga, ndiyo maana mtungi huu daima hufuata filta ya maji, na baada yake lazima kuwe na kichujio cha vumbi. Mara ya kwanza nilipomwagia punje kijiko cha maji kiganjani nilizisikia zikialika, tik tik, kama chumvi ya mawe kwenye kaango.

Draya ya friji, mashine inayokausha upepo kwa kuupoza, nimeiweka namba tano, na najua mafundi wenye karakana kubwa watanipinga. Wana haki kwa upande wao. Hupoza upepo hadi nyuzi 3 hivi, na zile gramu 46 zinabaki 9, siku nzima, bila mtu kuoka punje. Karakana inayopiga magari kila siku iipandishe hadi namba tatu. Lakini bei yake hufikia au hupita ya kompresa ndogo, inakula stima, na uwezo ulioandikwa kwenye kibao hupimwa kwa upepo unaoingia na nyuzi 35 hadi 38. Ukiiletea upepo wa nyuzi 60 utapata sehemu tu ya ulicholipia, kwa hiyo bado unahitaji lile bomba. Mapezi yake ya kupozea ni membamba, na hewa ya chumvi huyala. Ikae ndani, mbali na ukuta, na mapezi yapulizwe vumbi kila wiki. Iwashe kabla ya kazi, uipe robo saa ipoe. Kwa mwenzangu wa Lamu anayepiga rangi mashua ufuoni kwa jenereta, mtungi wa silika ni bora kuliko friji hii mara kumi: hauna waya, hauna mota, na bomba fupi la shaba lililokunjwa ndani ya ndoo ya maji litaupozea upepo wake.

Draya za minara miwili, yaani mitungi miwili ya punje inayopokezana, nazipita haraka. Hukausha upepo hadi usitoe maji mpaka upoe kufikia nyuzi 40 chini ya sifuri, lakini zile zisizo na hita hutumia karibu asilimia 15 ya upepo wako kujikaushia. Kompresa ya fundi mmoja haina upepo wa kugawa.

Mwisho kabisa ni vile vitufe, filta ndogo za plastiki za duara, vya kufunga shinani mwa bunduki. Vinazuia tone moja lililoponyoka, vikilowa vinaupitisha upepo na maji yake. Navitumia kama mlinzi wa mlangoni, juu ya vingine vyote. Peke yake kitufe hakifai. Na filta yoyote katika hizi haifanyi upepo wa kompresa uwe wa kupumua. Rangi ya hadina ina kemikali ya isosianeti, inayoweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa yake ni manunuzi mengine.

Kabla hujanunua chochote, pima. Piga kompresa kazi ya kweli kwa dakika ishirini, kisha elekeza upepo mtupu wa bunduki kwenye kioo safi kwa dakika mbili, karibu, na ukitazame kwa mwanga wa pembeni. Vitone vya maji hukauka na kutoweka. Mafuta yanabaki, na kidole kinayachora. Kioo kikiwa safi lakini vanishi yako ya NC (nitroselulosi) inageuka nyeupe kama tui, tatizo si upepo. Thina inayokauka haraka hupoza uso wa mbao na kuvuta unyevu wa hewani, na dawa yake ni thina ya polepole au kungoja jua lipande.

Ukienda dukani, chukua kiungo cha bomba lako mfukoni. Filta nyingine zinakuja na hesi za NPT za Kimarekani, nyingine BSP za Kiingereza. Kwenye robo inchi moja ina hesi 18 kwa inchi na nyingine 19. Itaingia mizunguko miwili kisha ikwame, na ukiilazimisha utapasua mdomo wa filta mpya. Kwenye nusu inchi zote ni 14, zinaingiana vizuri halafu zinavujisha, kwa sababu pembe za hesi hazifanani. Mwulize muuzaji akuonyeshe elementi ya akiba, uishike mkononi. Kama lazima iagizwe Mombasa, nunua mbili siku hiyo hiyo.