TAHADHARI: SSD za nje za "16TB" kwa elfu arobaini. Usikubali kupiga Windows upya!

Ndugu zangu, hasa mnaoagiza vifaa mtandaoni na kulipia kwa simu: hizi SSD za nje (diski za kuhifadhia mafaili zisizo na sehemu inayozunguka, za kuchomeka kwa USB) zinazotangazwa kuwa na 16TB kwa elfu arobaini ni utapeli. SSD halisi ya 1TB tu huipati kwa hela hiyo.

Mimi ni fundi. Juzi mteja kaniletea moja. Kila akiichomeka, kompyuta inaganda, mara skrini ya bluu, mara inajizima. Fundi aliyetangulia alishamtoza hela ya kupiga Windows upya na tatizo likabaki palepale. Niliifungua mbele yake: ganda zuri la bati, ndani kadi ya kumbukumbu ya simu ya 64GB kwenye kibao cha kusomea kadi, vyote vimebandikwa kwa gundi, pamoja na kipande cha chuma cha kuongeza uzito. SSD hakuna.

Ujanja wenyewe uko kwenye chipu. Imechezewa iidanganye kompyuta kwamba nafasi ni 16TB, na Windows huonyesha inachoambiwa. Kadi ikijaa, chipu haisemi. Inaendelea kupokea, na data mpya ama inatupwa ama inaandikwa juu ya ya zamani. Majina ya mafaili unayaona yote, na ukubwa wake, lakini video haifunguki. Hapo ndipo Windows inaposubiri jibu lisilokuja, mpaka inaganda, na mashine nyingine huanguka kabisa. Huyu dada alihamishia humo picha za harusi ya mdogo wake, kisha akazifuta kwenye simu. Imeniuma sana. Muuzaji alipotafutwa akamwambia aiformati kwa NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows), halafu akamfungia namba.

Si kila kuganda ni diski feki, niseme ukweli. Diski halali ya kuzunguka inaweza kukosa umeme wa kutosha: tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900. Kwa hiyo badilisha waya, chomeka moja kwa moja bila kigawanyo cha USB, kisha jaribu kompyuta nyingine. Ikiganda na hiyo nyingine, na bila hiyo diski kompyuta zote mbili ziko salama, usimlipe mtu kwa ajili ya Windows.

Ukinunua, ipime ikiwa bado tupu, kabla hujaweka chochote cha maana. Kwa Windows kuna H2testw, inayojaza diski nzima kisha kusoma ilichoandika, au ValiDrive, ambayo ni ya haraka zaidi. Kwa Linux na Mac kuna F3. Zote ni za bure. Dai risiti ya EFD. Anayekataa kuitoa, achana naye. Waliokwishauziwa, hifadhini tangazo, ujumbe na muamala, mpeleke malalamiko Tume ya Ushindani ya Tanzania (FCC), ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia.

Kama mafaili yako yako humo sasa hivi, usiformati na usiongeze kitu. Nakili nje yale yanayofunguka, ukianza na muhimu. Kisha angalia pipa la taka la simu leo hii: kwenye Google Photos, picha iliyokuwa imepakiwa mtandaoni hukaa humo siku 60 kabla ya kufutika moja kwa moja.