Meli nzima ya maiti, halafu naambiwa ni mtambo

Nina hasira, na nitamwaga mwisho wa hadithi. Kama unapanga kusoma riwaya ya Dead Silence ya S.A. Barnes, pita zako, usije ukanilaumu.

Kwanza nimpe haki yake. Mafundi watano wa vinara vya mawasiliano angani, wakiwa kwenye safari yao ya mwisho kabla kazi haijawatoka, wananasa wito wa msaada wa Aurora, meli ya anasa ya kutalii anga iliyopotea miaka 20 nyuma na matajiri wake wote. Wanaingia. Joto hakuna, uvutano hakuna, maiti zimeganda zinaelea, na ukizitazama sawasawa unagundua hawa hawakupata ajali. Wameuana. Na bado wenzetu wanapiga hesabu ya watakacholipwa kwa kuiokota! Claire, kiongozi wao, ndiye anayesimulia, na yeye tangu utotoni huona watu waliokufa. Kwa hiyo akikwambia kuna mtu kule mwisho wa ujia, hujui umwamini au umwonee huruma.

Sehemu hiyo niliisoma zamu ya usiku, kwenye chumba cha jenereta cha hoteli ninakofanya kazi, na nilihamisha kiti mgongo ukaegemea ukuta. Mtu mzima mimi, na ndevu zangu.

Halafu? Halafu naambiwa chanzo ni mtambo. Kampuni pinzani imepandikiza mtambo wa mtetemo melini, sauti ya chini ambayo sikio haliisikii, abiria wakachanganyikiwa. Basi! Mizimu yote ile, mafumbo yote yale, kumbe ni fitina za kibiashara. Nikakifunga kitabu, nikakifungua tena nihakikishe nimesoma sawa.

Tuelewane. Sibishi kwamba mtetemo unaweza kumchezea mtu akili. Mitetemo ndiyo inayonilisha. Raba za kumeza mtikisiko chini ya jenereta zikichoka, huisikii kasoro masikioni, unaisikia kifuani. Chai kwenye kikombe inaanza kuchora miduara, na vijana wa zamu wanakuwa wakali bila sababu. Na alikuwepo mhandisi wa Uingereza, Vic Tandy, aliyeandika mwaka 1998 jinsi alivyoona kivuli cha kijivu pembeni mwa jicho akiwa maabara usiku. Kesho yake alibana kitara chake cha mchezo wa vitara kwenye vaisi, kile kibanio cha mezani, kikaanza kutetemeka chenyewe. Akafuatilia mpaka akakuta feni mpya ya kutoa hewa inatoa mtetemo wa karibu mara 19 kwa sekunde, chini kidogo ya pale sikio linapoanzia. Feni iliporekebishwa, kivuli kikaondoka.

Sasa hiyo ndiyo hadithi! Jamaa anafuatilia, anashika, anapima, na wewe unafuatana naye. Barnes alikuwa na mafundi watano ndani ya meli, watano, na hakuna hata mmoja aliyeweka kiganja ukutani mapema akauliza, "Huu mtikisiko unatoka wapi?" Fundi gani huyo? Mimi nikiingia jengo geni, kabla sijasalimia nishajua kompresa iko upande gani. Badala ya kutuachia dalili, anasubiri mwishoni amwage maelezo kwa pupa, risasi zikilia na mabwana wa kampuni wakikimbia huku na huku kama filamu za Jumapili mchana.

Kingine, sura za mwanzo zinamweka Claire hospitalini duniani, anahojiwa. Kwa hiyo tunajua mapema kwamba ametoka. Hofu ya nini tena? Ingawa, kusema kweli, hapo mwandishi alinikamata, maana nilibaki kuhofia wenzake, hasa Lourdes, yule binti wa mawasiliano. Sitasema zaidi. Kuna mahali nilirudi nyuma kurasa kadhaa kutafuta kama nimeelewa vibaya.

Nilikuwa nimeshaamua nyota mbili. Lakini kitabu kibaya hakimfanyi mtu akague raba za jenereta saa tisa usiku, tena zile nilizozibadilisha juzi juzi. Basi ziwe tatu na nusu. Ile nusu ni ya Lourdes, na mwandishi asidhani nimemsamehe.