Klia na woshi kwenye Landrover ya plastiki: uzoefu wangu na Tamiya

Nianze na jibu kwa mwenye haraka. Ile chupa ya Tamiya, kampuni ya Kijapani ya modeli na rangi zake, iitwayo Panel Line Accent Color, ya kahawia iliyokoza, ni woshi, yaani rangi nyepesi sana ya kukoleza mistari na nyufa za modeli, na inastahili pesa yake, ila usiiagize peke yake. Bila klia nzuri, yaani tabaka angavu la kufunika rangi, chini yake, utaichukia bure.

Kazi niliyoifanyia ni modeli ya plastiki ya Landrover 109 Series III kutoka kampuni ya Revell, skala ya 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi. Gari lenyewe hatuhitaji kuelezana. Rangi ya mwili ni akriliki ya kijani kilichopauka, na juu yake nikapiga X-22, klia ya kung'aa ya Tamiya, niliyoizimua kwa thina yake ya X-20A na kuipuliza kwa eabrashi, tabaka nyembamba moja baada ya nyingine.

Wengi huona ajabu: gari litamalizikia kwenye vumbi na uchakavu, sasa ling'arishwe la nini? Rangi ya mati, ile isiyong'aa, ukiitazama kwa karibu inakwaruza kama msasa. Woshi ikigusa hapo inanasa, inasambaa, na doa halitoki tena. Juu ya klia laini mambo hubadilika kabisa. Unagusa ncha ya brashi kwenye ufa wa mlango, na ile rangi nyepesi inajivuta yenyewe kufuata mstari mpaka konani. Kwenye ribiti za ubavuni inajikusanya kuzunguka kila kichwa. Stika za maji, zile za kuloweshwa kabla ya kubandikwa, nazo zinataka uso huohuo, maana zikibandikwa kwenye mati hewa hubaki chini yake na kingo zake zikaonekana kama utando mweupe. Mimi hubandika stika, napiga klia tena kuzifunika, ndipo nafungua woshi.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba woshi hii ni ya enameli, rangi ya msingi wa mafuta, na klia ni akriliki, ya jamii nyingine. Thina ya enameli haiyeyushi akriliki iliyokauka sawasawa, kwa hiyo hakuna mbio. Iache ikauke kidogo, halafu futa ziada kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa thina ya enameli na kukamuliwa. Futa kuelekea chini, jinsi maji ya mvua yangeteremka. Hilo neno "sawasawa" lisikupite: kwa unyevu wa Mombasa mimi huipa klia siku mbili kabla ya kugusa. Na usiimimine kwenye plastiki tupu, hasa kwenye viungo vilivyobanwa kwa nguvu. Thina ya enameli hupenya humo na plastiki ikapasuka.

Kuhusu rangi ya woshi nina ubishi kidogo. Naona watu wanashusha michirizi ya kutu ya rangi ya chungwa kwenye milango ya Landrover. Mabati ya mwili wa Series III ni aloi ya alumini. Hayashiki kutu nyekundu. Kutu iweke kwenye fremu ya chini, ambayo ni chuma, na kwenye ukuta unaobeba kioo cha mbele. Kwenye milango na mabawa, kahawia iliyokoza inatosha. Nyeusi ningeiacha kwa ajili ya injini na grili, kwa sababu juu ya kijani kilichopauka inaonekana kama mtu amechora kwa kalamu.

Fundi mmoja wa gereji alinishauri nipige klia ya magari, ile ya kuchanganya na hadna, kemikali ya kuigandisha. Inang'aa, sikatai. Lakini klia ya gari halisi hufika mikroni 40 hadi 50, na ukizidisha 50 kwa 24 unapata zaidi ya milimita moja kwa kipimo cha modeli. Nyufa zote zinajaa, na woshi inakosa pa kwenda. Tena hadna ile ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, si kitu cha kupuliza chumbani bila kinga ya kweli ya kupumulia.

Sehemu iliyonisumbua ilikuwa klia ya mati ya mwisho, ile ya kuua mng'ao. Nilinunua kopo la kupuliza la kampuni nisiyoitaja, na paa la gari likatoka na ukungu mweupe siku ya mvua. Chanzo kinajulikana: kiyeyushi kikiruka hupoza uso, na mvuke wa hewani unageuka matone pale pale. Tabaka jepesi la klia ya kung'aa lilirudisha rangi. Siku hizi mati naipuliza adhuhuri ya siku kavu, kopo likiwa limetikiswa mpaka mkono uchoke, maana unga unaoua mng'ao hutuama chini. Tarajia pia woshi kufifia kidogo baada ya mati. Kwa hiyo iache iwe kali kuliko unavyotaka.

Upatikanaji ndio kero. Rangi hizi zinawaka moto, na wauzaji wengi hawazitumi kwa ndege. Kwa asiyeweza kusubiri meli, nunua tyubu ya rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia ya burnt umber, uizimue kwa white spirit, kiyeyushi cha rangi za mafuta. Inakauka polepole mno na lazima uikoroge kila mara, lakini kwenye chasisi na matairi sikuona tofauti. Kwenye mistari ya milango bado nachagua ya Tamiya: imezimuliwa tayari kwa kiasi kinachofaa, na brashi iko kwenye kifuniko.