Kujifunza "heavy": kamusi ya mfukoni au ya Kiingereza kitupu?

Kwa kijana wa Moshi anayejiandaa kuongoza wageni mlimani, "heavy" ni neno la kila siku. Kamusi ndogo ya Kiingereza-Kiswahili humpa jibu papo hapo: -zito. Kwa mzigo wa mpagazi, ambao Kilimanjaro haupaswi kuzidi kilo 20, kazi imeisha.

Tabu huanza mawingu yakishuka. Mvua ambayo sisi tunaiita kubwa, Mwingereza huiita nzito: "heavy rain". Ukisema "big rain" mgeni ataelewa, ila atajua unatafsiri kichwani. Foleni nayo ni "heavy", na hata mvutaji sigara wa kupindukia. Upepo, hapana! Upepo mkali ni "strong wind", na chai iliyokolea majani ni "strong" vilevile.

Hapo ndipo kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza, kama ile ya Hornby ambayo Oxford waliichapisha mwaka 1948 na bado inatolewa upya, inapoiacha mbali ile ya mfukoni. Inaonyesha kivumishi kinaandamana na nomino ipi, ndani ya sentensi. Ubaya wake ni bei, na kwa anayeanza, maelezo yenyewe yanadai kamusi nyingine.

Mimi ningempa ya mfukoni mwanzoni tu. Akishaweza kusoma mabango ya maelekezo pale geti la Marangu bila kusitasita, ahamie kwenye ile kubwa, na daftarini aandike maneno mawili mawili, kamwe si kivumishi peke yake.